Sura ya Tano: Na Sirudii

Simu ya dada yangu ilikuwa inatambaa juu ya meza ya cherehani, inatetemeka, inagonga mkasi, inarudi. Hakuishika. Aliendelea kushona ukosi wa gauni la mteja, pini kazibana midomoni, na mimi nimesimama mlangoni na rangi ya bluu kwenye kucha. Nilikuwa nimeacha bango la duka la watu katikati ya herufi, nimekuja mbio kuuliza swali moja.

"Ni wewe uliyeandika?"

Alichomoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. "Nimeandika nini?"

"Pale chini ya ile sauti. 'Hata wewe.'"

"Jina ni la nani?"

"Lako."

"Basi unaniuliza nini?"

Ile sauti nilikuwa nimeisikiliza mpaka masikio yakaota sugu. Ilikuwa kionjo tu: picha ya Ninga anatabasamu, na chini ya picha sauti yake, ile sauti ambayo mimi nikiisikia hata inaomba chumvi moyo huhama kiti. Anaulizwa kuhusu wanawake wanaopigwa na waume zao. Naye anajibu, taratibu, kama mtu aliyefikiri: "Aliyebaki na aliyeondoka, wastahili kupigwa. Na sirudii."

Ilirushwa jana jioni ili kutangaza mazungumzo marefu yatakayofuata. Kulipokucha, watu walikuwa wameamka na kazi moja. Kulikuwa na alama ya reli, FutaNinga, na kila aliyekuwa na kidole alikuwa anafuta. Kampuni ya sabuni iliyokuwa imebandika uso wake kwenye pakiti iliandika kwamba inatafakari. Ukumbi alimokuwa aimbe mwisho wa mwezi ulikuwa umeshamaliza kutafakari.

Ninga ni jina la jukwaani. Nyumbani namwita kwa majina mengine, na hayo si ya kumpa kila mtu. Nyimbo zake natunga mimi, ambaye hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Mizani nilijifunza juu ya ngazi, kwa kupima maneno yaenee kwenye mbao za watu. Na Jumamosi hii wazee wangu walikuwa waende kwao kunitolea posa.

"Jumamosi hakuna safari," Mama alisema. Alikuwa ametoka chumba cha ndani bila sisi kumsikia, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa namna ninayoijua, ya kwenda vitani.

"Mama, hakusema vile."

"Nimesikia kwa masikio haya aliyonipa Mungu."

"Yeye mwenyewe amesema hakusema."

"Na wewe umeamini."

"Nimeamini."

"Hongera. Aliyepigwa humu ndani si wewe."

Dada hakuinua uso. Jino lake la mbele limemegeka, na tangu limegeke amejifunza kucheka kwa kuziba mdomo kwa mkono. Aliondoka kwa mumewe alfajiri, viatu kavishika mkononi visitoe sauti sakafuni. Mimi nikaichukua alfajiri hiyo nikaitunga wimbo, Ninga akauimba, na wimbo huo ndio uliompa Ninga jina. Ulikuwa unapigwa humu chumbani kila siku, hata wateja wanapimwa mabega huku wakiufuatisha. Ninga alipoanza kuja kwetu, dada alimwita wifi kabla mimi sijathubutu kumwita mchumba. Leo redio ndogo ya dada ilikuwa imefunikwa kitambaa, kama maiti.

"Wenzangu wamemtukania mpaka marehemu wazazi wake," dada alisema. "Mimi nimesema maneno mawili. Kayaona?"

"Kayaona."

"Akasemaje?"

Ninga alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyelala kifudifudi: "Yale mengine ni mvua, nitakauka. La wifi ni jiwe." Kisha akakata.

"Nakwenda kwao," nikasema.

"Nawa mikono kwanza," Mama akasema. "Hata kama unakwenda kuaibika, nenda safi."

*

Kaka yake Ninga wote tunamwita Mkasi. Studio yake ni chumba cha nyuma cha nyumba waliyoachiwa na wazazi, kuta kazivika magodoro ya zamani, dirisha kaliziba kwa zulia. Humo ndimo alimomrekodi dada yake tangu nyimbo za utotoni, na humo ndimo alimorekodi hayo mazungumzo; maswali aliuliza yeye mwenyewe. Nilimkuta kakaa mbele ya kioo cha kompyuta, mgongo umenigeukia. Hakusalimu.

Ninga alikuwa sakafuni, chini ya kipaza sauti, kavaa shati la kaka yake, miguu peku. Alinitazama. Nimetunga beti nyingi kuhusu macho yale na zote zilikuwa uongo, kwa sababu sijawahi kuyaandika yakiwa yanaogopa.

"Umekuja na hasira," alisema.

"Nimekuja na miguu. Hasira ilitangulia."

Pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo. "Nimeona unawajibu watu kwa mashairi."

"Wachache tu."

"Kuna mama mmoja umempa beti nne. Vina vya kati na vya mwisho."

"Alistahili..." Nikameza. Neno lilikuwa limeshatoka, likakaa katikati yetu kama mgeni asiyealikwa. Neno zuri kabisa, la kawaida, na sasa hatukuweza kulitumia bila kuungua ulimi.

"Mshairi," Mkasi alisema bila kugeuka, "kila ukiwajibu unatia kuni. Nimewaambia wote hapa, kimya. Mtandao una njaa lakini hauna subira. Kesho watapata mtu mwingine."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi gani? Mimi hiyo Jumamosi sikuwahi kuiafiki. Nimemlea mtoto mpaka dunia ikamjua, aje aolewe na mtu mwenye rangi kwenye kucha."

"Kaka," Ninga alisema.

"Nimesema uongo? Hebu mtazame kucha."

Nilifungua mdomo nimpe chake, Ninga akanishika kifundo cha mguu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikakaa chini karibu naye, na hasira ikakaa nami.

"Labda nilisema," akaninong'oneza.

"Ulisema nini?"

"Vile. Wastahili. Kichwani nakumbuka nilisema hawastahili. Lakini nimeisikiliza mara nyingi mno, na sauti ni yangu, na hiyo 'ha' haipo. Labda ulimi uliteleza. Labda ndani yangu kuna mtu mbaya simjui." Alivuta magoti kifuani. "Ukimsikia kila mtu anasema wewe ni mchawi, usiku unaamka kutazama kama una ungo."

Hapo ndipo niliposimama.

"Lete yote," nikamwambia Mkasi. "Ile uliyorekodi, kabla hujaigusa."

"Sikukata neno hata moja."

"Sijasema umekata. Nasema lete."

"Nilitoa kipande, nikakisafisha, nikarusha. Basi."

"Ulikisafisha vipi?"

"Kama siku zote." Sasa aligeuka, na alinitazama kwa uchovu wa fundi anayefundishwa kazi na mpita njia. "Nilifuta pumzi."

Huu ulikuwa ugomvi wetu wa zamani. Mkasi hapendi pumzi. Mwimbaji akivuta hewa kati ya mstari na mstari, yeye huona uchafu, huikata, na ndiyo maana nyimbo za Ninga zinatiririka kama zimeimbwa na mtu asiye na mapafu. Mimi nilikuwa nikimwambia shairi bila pumzi ni ukuta bila mlango. Yeye alikuwa akiniambia nipake mabango. Na jambo jingine: Mkasi hasikilizi, anatazama. Sauti huiona kwenye kioo imechorwa kama safu ya vilima, na anajivunia kwamba hana haja ya masikio. Kilima fulani ni pumzi, kilima fulani ni neno.

"Iweke," Ninga alisema.

Aliiweka. Chumba kikajaa sauti yake. Swali la kaka yake, mbali kidogo na kipaza sauti. Kimya. Halafu: "Aliyebaki na aliyeondoka..." Akatua. Ukasikia hewa ikiingia, ndefu, ya mtu anayechota kitu kutoka kisimani, na hewa ilipogeuka kutoka ilitoka na silabi ndani yake, nyepesi, nusu neno nusu pumzi. "Ha-wastahili kupigwa. Na sirudii."

Mkasi alirudisha nyuma. Akarudisha tena. Kidole chake kiligusa kioo.

"Hii ni pumzi," alisema. "Tazameni. Kilima kidogo namna hii ni pumzi. Siku zote ni pumzi."

"Usitazame, Mkasi. Sikiliza."

Alifumba macho. Sijui kama alikuwa amewahi kufumba macho mbele ya kile kioo. Akasikiliza, na nikaona shingo yake ikiingia mabegani taratibu, kama kobe. Baadaye alieleza, maneno yakitoka vipande vipande: alikuwa ameiambia mashine ifute pumzi zote kwa mkupuo, huku yeye yuko kwenye simu na watu wa sabuni. Mashine ikaichukua "ha" ikidhani ni hewa. Akatazama, akaona pamenyooka, akarusha.

Mimi nilikuwa nimeshawaka. Furaha na ghadhabu zilinipanda pamoja, nikawa sijui ipi inaniumiza kichwa. "Rusha hiyo. Sasa hivi. Weka zote mbili, ya kwanza na hii, na uwaambie nani alikata. Tuone hao wanaofuta watajificha wapi."

"Hapana," Ninga alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana, Vina." Vina ndilo jina analoniita. Huliita kwa njia nyingi, na hii ilikuwa ile ya kufunga mlango. "Ukirusha hiyo watamwacha Ninga, watamshika nani?"

"Aliyekosea."

"Huyu?" Alimwonyesha kaka yake kwa kidevu. Mkasi alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua mahali pasipo na kitu mezani. "Mama alipokufa huyu ndiye aliyekuwa akinisuka nywele asubuhi nisiende shule nimetimka. Alikuwa hajui kusuka. Upande mmoja mistari minne, upande wa pili miwili, na hakuna mtoto shuleni aliyethubutu kucheka kwa sababu walikuwa wanamwogopa. Nimtoe huyu niwape watu wamtafune? Waimbaji wote wa mtaa wanarekodi hapa. Nani ataleta sauti yake kwa fundi aliyemfuta dada yake?"

"Kwa hiyo unanitoa mimi."

"Wewe hawakutafuni. Wananitafuna mimi."

"Jumamosi ni yako peke yako? Mama amekataa safari. Dada kafunika redio. Nina dawa mkononi na unaniambia nisimpe mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi. Mimi ndiye nasema siinywi."

"Kiburi hicho."

"Nimekipata kwa nani?"

Tulitazamana. Nilitaka kumtikisa na nilitaka kuweka paji la uso wangu pale shingoni kwake na kukaa hapo mpaka watu wote wafe kwa uzee. Hakuna nililofanya. Mapenzi ya wenye kiburi ndivyo yalivyo. Mnasimama kila mmoja na ndoo yake huku nyumba inaungua, mnangoja mwenzako amwage kwanza.

Ni yeye aliyemwaga. "Hao wote sina neno nao," alisema, sauti imeshuka. "Kuna mtu mmoja ambaye neno langu limempiga kweli. Nipeleke kwake."

"Mama hatakufungulia."

"Nitasimama nje. Nimezoea kusimama mbele ya watu."

Nilimwambia Mkasi anitumie ile sauti nzima kwenye simu, angalau Mama na dada waisikie. Ninga alikubali kwa sharti moja, isitoke nje ya nyumba yetu. Niliahidi shingo upande. Mkasi aliituma bila kunitazama. Tulipokuwa tunatoka alikuwa bado anairudisha, anaifumbia macho, anairudisha.

*

Alijifunga mtandio mpaka puani, akavaa kofia ya kaka yake juu. Haikusaidia. Mwendo wake hauna mtandio. Watu wamemwona jukwaani, wanajua jinsi anavyotanguliza bega. Kwenye kona ya wauza mitumba mama mmoja aliyekuwa anakung'uta suruali aliacha kukung'uta.

"Ni yeye," alisema, si kwa sauti kubwa. Kisha kwa sauti kubwa: "Wastahili."

Mwingine akadakia ng'ambo ya barabara, akicheka. "Wastahili."

Neno lilitutangulia mtaani kama mbwa anayejua njia. Mpanga viatu alilisema. Binti aliyekaa na rafiki zake kwenye ngazi za duka alilisema huku akiinua simu, na kioo cha simu kikatufuata taratibu, jicho moja lisilopepesa. Niligeuka. Damu ilikuwa imenijaa machoni na nilikuwa na jibu, jibu la kumkata mtu magoti, lenye mizani. Na mfukoni nilikuwa na jibu zaidi ya hilo. Ningeinua simu tu, ningebonyeza, na mtaa wote ungenyamaza.

Ninga alishika vidole vyangu viwili. Si mkono mzima. Vidole viwili, kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani.

"Umeahidi," alisema.

"Naungua."

"Najua. Tembea."

Nikatembea. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

*

Mama alikuwa kizingitini. Sijui nani alimwambia. Nadhani binti wa ngazi alikuwa amekwisha kuturusha, na habari ilifika kabla yetu.

"Shikamoo, mama," Ninga alisema. Alivua kofia, akashusha mtandio.

"Marahaba." Mama hajawahi kunyima mtu marahaba, hata adui. Lakini hakusogea mlangoni. "Mwanangu, mimi sina ugomvi nawe. Nina binti mwenye jino bovu. Anaweka mkono mdomoni akicheka, na wiki hizi alikuwa ameanza kusahau kuuweka. Jana kaukumbuka."

"Ndiyo maana nimekuja, mama."

"Ulikuwa na mahali pa kusemea, ukasema. Sasa utasema nini tena?"

Ndani, cherehani ilinyamaza. "Mwache apite, Mama," dada alisema.

Tuliingia. Dada alikuwa amekaa palepale, gauni la mteja limemlalia magotini. Hakusema wifi. "Karibu, bibi," alisema, kama anavyowaambia wanaokuja kupunguza mapindo.

Ninga alibaki amesimama katikati ya vitambaa. Nilitoa simu haraka. "Dada, usiseme kitu. Sikiliza hii kwanza. Ni sauti nzima, kabla haijakatwa, utasikia mwenyewe kwamba..."

"Izime."

"Ni dakika moja tu."

"Simu ndiyo iliyoniambia mara ya kwanza," dada alisema. "Leo sitaki simu. Mdomo wenyewe uko hapa."

Nilibaki na simu mkononi kama mtu aliyeleta mwavuli ndani ya nyumba. Mama alikohoa, nadhani alikuwa anameza kicheko, maana anapenda sana kuniona nimekosa la kusema.

Dada alimtazama Ninga kwa mara ya kwanza. "Ulisema hurudii."

"Nilisema."

"Rudia."

Ninga alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Yeye, anayeimba mbele ya watu wasiohesabika bila goti kutikisika. Niliona anatazama jino, anatazama pembeni, anarudi. Cherehani, pasi, mkasi, vyote vilingoja. Halafu akavuta hewa, ile ile, ndefu, ya kisimani, mabega yakainuka nayo.

"Hawastahili," alisema. "Aliyebaki na aliyeondoka. Hawastahili kupigwa. Wewe hukustahili. Na nitarudia mpaka uchoke kunisikia."

Dada alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza cherehani inayotaka mafuta.

"Umepumua kwanza," alisema.

"Ndivyo ninavyosema. Siku zote napumua kwanza."

"Kwenye nyimbo hupumui."

"Zinafutwa."

"Ah." Dada alilichukua hilo, akaligeuza. "Mimi nilidhani wewe ni mtu usiyechoka. Nilikuwa naona aibu. Nikishona huku naimba nawe, mimi naishiwa pumzi, wewe huishiwi." Kidogo kidogo uso wake ulikuwa unafunguka, na unaumia unavyofunguka. "Kwa hiyo ni 'ha' iliyoliwa."

"Ndiyo."

"Na nani?"

Ninga hakujibu. Hakunitazama mimi pia. Dada alingoja, kisha akaitikia kwa kichwa, nikajua ameelewa kwamba kuna mtu nyuma ya mlango huo na kwamba hautafunguliwa.

"Ungekuwa unaongea kama watu," alisema, "ukasema 'wanastahili', nikisikia 'wastahili' ningejua palepale umekatwa, maana sentensi ingechechemea. Lakini kila siku wewe ni wapenda, walia, waja, waenda. Nikasema ndiye, ni lugha yake."

"Kafundishwa na nani hiyo lugha?" Mama aliuliza, na macho ya wanawake wote watatu yakaja kwangu.

"Ni mizani," nikasema. "'Wanastahili' ina silabi ya ziada."

"Silabi ya ziada," Mama alirudia. "Nusura tukose mkwe kwa kubana matumizi."

Dada alicheka. Mkono ulipanda kwenda mdomoni, ukafika kidevuni, ukasahau. Jino lilionekana. "Kaa basi, wifi," alisema, akasukuma kiti kwa mguu. "Umesimama kama mdai."

Ninga alikaa kama aliyekatwa kamba. Nilitaka kufurahi. Lakini Mama alikuwa bado kizingitini, anatazama barabarani walikosimama watu watatu wanne na simu zao.

"Sisi tumesikia," alisema. "Wale hawajasikia. Jumamosi nitapita katikati yao naenda kuposa, watasema nini? Kwamba mama wa aliyepigwa kaenda kumtaka aliyesema apigwe. Nitapita na uso gani?"

Hilo halikuwa na jibu, isipokuwa lililokuwa mkononi mwangu. Nilimtazama Ninga. Alitikisa kichwa. Nilimtazama tena, nikiomba kwa macho kitu ambacho sijawahi kuomba kwa mtu. Alitikisa kichwa tena, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikasoma kwa sauti, kwa sababu sikuweza kuubeba ujumbe ule peke yangu. "'Shemeji. Nimeirusha yote, na pumzi zake. Nimesema ni mimi niliyefuta. Mwambie asinipigie, nazima.'"

Ninga alikwisha kuwa wima. Alininyang'anya simu, akampigia. Imezimwa. Akafungua mtandao, na nilisoma juu ya bega lake: jina la Ninga lilikuwa bado linapanda, na chini yake jina jingine lilikuwa linaota. Mkasi. Watu walikuwa wanaomba radhi kwa kidole kimoja na kuokota mawe kwa kingine. Fundi gani huyu. Kamchoma dada yake makusudi. Wastahili, mtu mmoja alikuwa ameandika chini ya picha yake, na tayari wengine walikuwa wanalipokea.

"Nilisema," Ninga alisema. "Nilisema watamshika yeye." Alikuwa anatafuta kofia ambayo ilikuwa mkononi mwake. "Yuko peke yake mle ndani. Hajala tangu jana. Amezoea kunitunza mimi, hajui kukaa na aibu, hajawahi kufundishwa."

Dada alizima pasi. Alilikunja gauni la mteja, akatumbukiza miguu yake kwenye viatu chini ya meza. "Natangulia nawe."

"Dada, huna haja," nikasema.

"Mimi ndiye niliyeandika 'Hata wewe'. Nitakwenda kumwandikia kaka yake neno jingine, kwa mdomo."

Nilikuwa nimemsahau Mama. Aliingia chumba cha ndani, nikasikia kabati linafunguliwa, nikadhani anajifungia kwa hasira. Alipotoka alikuwa amevaa nguo alizokuwa ameziweka kwa ajili ya Jumamosi.

"Mama?"

"Unashangaa nini? Funga dirisha."

"Ulisema huna uso wa kupita nao."

"Wa kuposea sina." Alikuwa anafunga upya kitambaa cha kichwa mbele ya kile kioo kirefu cha wateja. "Lakini kwa watu huendi siku ya posa tu, mwanangu. Mtu akifiwa unakwenda. Akiaibika unakwenda. Hiyo Jumamosi yenu itajijua yenyewe." Akamgeukia Ninga. "Huyo kaka yako anapenda chai ya sukari nyingi au kidogo?"

"Nyingi," Ninga alisema. Sauti ilimkatika katikati ya neno, akavuta hewa. "Nyingi, mama."

Mama alifungua mlango. Nje simu ziliinuka zote pamoja, na mtu mmoja akaanza, "Was..." Mama alimtazama. Neno likaishia hapo, na tukatoka.